Kwa nini kansa ni ngumu kuponya? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nilifundisha baiolojia sekondari hapa Moshi, na tangu nistaafu nimekuwa msindikizaji wa wagonjwa: ndugu, majirani, watu wa jumuiya. Kwenye benchi la kliniki maswali ni yaleyale, na mengi yanaulizwa kwa kunong'ona. Nimeyakusanya kwenye daftari la kaunta, na haya hapa majibu. Daktari anayemjua mgonjwa wako anajua mengi kuliko mimi, kwa hiyo ukisoma hapa bado kamuulize na yeye.

## Mambo ya mwanzo

1. Kansa ni nini hasa? Ni mdudu, ni sumu, au umerogwa?

Ni seli zako mwenyewe. Mwili wa mtu mzima una seli karibu trilioni 30, na kila siku nyingi zinakufa, nyingine zinazaliwa kuziba nafasi. Ili seli igawanyike lazima inakili DNA yake yote, maandishi yenye herufi bilioni kadhaa. Mpe mwanafunzi hodari anakili Biblia nzima kwa mkono, kesho tena, keshokutwa tena. Makosa yatatokea tu.

Makosa mengi hurekebishwa palepale, na seli iliyoharibika sana hujiua yenyewe. Kansa huanza pale makosa kadhaa yanapokutana ndani ya seli moja: akselereta imekwama chini, breki zimekatika, na trafiki wa njiani amesinzia. Mojawapo ya breki hizo ni jeni inayoitwa TP53, na karibu nusu ya saratani zote za binadamu zina hitilafu kwenye jeni hiyo. Tumbaku, pombe, jua kali na virusi fulani huongeza makosa. Lakini mengine hutokea bila sababu ya kumlaumu mtu, na hili nawaambia hasa kina mama wanaokaa wakijiuliza wamemkosea nini Mungu.

2. Kansa na saratani ni vitu viwili? Na kila uvimbe ni kansa?

Kansa na saratani ni kitu kimoja. Na hapana, uvimbe mwingi si kansa, ikiwemo fibroidi za kizazi na vinundu vya mafuta chini ya ngozi. Upande wa pili, saratani ya damu haina uvimbe wa kushika mkononi. Anayejua ni maabara, si kidole.

3. Si watafute dawa moja tu wamalize?

Kwa sababu ugonjwa wenyewe si mmoja. Ukimwambia mfamasia "nipe dawa ya homa" atakuuliza homa ya nini: malaria, taifodi, mkojo, mapafu? Kansa nayo ni jina la ukoo lenye watoto zaidi ya 100. Hata ukichukua ya matiti peke yake, kuna inayolishwa na homoni, kuna inayosukumwa na protini iitwayo HER2, na kuna isiyo na lolote kati ya hayo. Wanawake wawili wa mtaa mmoja, titi lilelile la kushoto, wakapewa dawa tofauti kabisa. Mmoja atadhani amepunjwa, lakini kila mmoja ametibiwa ugonjwa wake.

Mwaka 1971, mwaka uleule hospitali ya KCMC ilipofunguliwa hapa Moshi, Rais Nixon wa Marekani alisaini sheria ya kumwaga fedha kwenye utafiti wa saratani. Wamarekani walikuwa wametoka kutua mwezini miaka miwili kabla, na wengi waliamini hata hili litakwisha upesi. Mwezi ni mmoja na njia yake inajulikana. Kansa hata hesabu ya ngapi zipo bado inaongezeka, kila mashine za kusoma DNA zinapokuwa bora.

4. Mbona malaria ni kali na inapona kwa vidonge vya siku tatu?

Kwa sababu kimelea cha malaria ni mgeni. Maumbile yake yana vitu ambavyo wewe huna, na dawa hupiga hapohapo. Seli ya kansa ni ndugu yako wa damu. Karibu kila inachotumia kuishi, nawe unakitumia.

Aliyewahi kupalilia ulezi ananielewa. Kuna gugu linalofanana na ulezi wenyewe likiwa changa, jani kwa jani. Ukipitisha jembe kwa hasira unafyeka na ulezi wa pombe ya mbege ya mwakani. Ukiwa mpole, gugu linabaki. Daktari wa saratani yuko katikati ya mambo hayo mawili kila siku.

## Kwa nini dawa zinashindwa

5. Kwa nini kemo inanyonyoa nywele na kuleta vidonda mdomoni?

Kemo nyingi za kawaida haziijui kansa kwa sura. Zinawinda seli yoyote inayogawanyika haraka, na vinyweleo, ngozi ya ndani ya mdomo, utumbo na uboho wa mifupa vyote vinagawanyika haraka. Nywele hurudi. Cha kuogopa zaidi ni uboho, maana damu nyeupe zikishuka mgonjwa hana askari. Ndiyo maana wanapima damu kabla ya kila dripu, na wakati mwingine mgonjwa aliyetoka Rombo alfajiri anaambiwa rudi nyumbani, damu haijapanda. Inauma, ila hawajamnyanyasa. Na homa yoyote baada ya kemo ni ya kukimbilia hospitali usiku huohuo, usisubiri kuche.

6. Uvimbe ulikatwa wote, daktari alisema safi. Imerudije?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa uchungu kuliko yote, kwa hiyo nitachukua muda.

Fikiria ndago shambani. Juu unang'oa majani, shamba linang'aa, unapiga picha. Chini kimebaki kiazi kimoja kidogo kama punje ya karanga. Mvua mbili tu, wako palepale. Kisu cha daktari kinaona uvimbe, hakioni seli moja moja. Kipimo cha picha nacho hakioni kundi dogo la seli, hata liwe la maelfu.

Halafu kuna mifongo. Babu zetu walichimba mifongo kuteremsha maji kutoka mlimani hadi kila kihamba. Mwili nao una mifongo miwili, ya damu na ya limfu. Seli ya kansa ikijifunza kujitenga na kundi, inadondoka kwenye mfongo, inasafiri na kutia nanga kwenye ini, mapafu, mfupa au ubongo. Ndiyo sababu daktari anakupapasa mitoki kwapani wakati wewe umekuja kwa ajili ya titi. Nyingi ya hizo zinazosafiri hufa njiani. Chache hufika, na baadhi hulala kimya miaka mingi bila kugawanyika, jambo linalozifanya zisiguswe na kemo inayowinda zinazogawanyika (swali la 5). Kuna aina za saratani ya matiti zilizoamka baada ya miaka 20.

Mwisho ni hesabu tu, hesabu niliyokuwa nawapa kidato cha tatu. Seli moja ikijigawa mara 30, moja kuwa mbili, mbili kuwa nne, zinafika takriban bilioni moja. Sasa leta dawa nzuri sana inayoua asilimia 99.9. Zimebaki milioni moja. Uvimbe hauonekani, familia inafanya shukrani kanisani, na kwa haki. Lakini milioni moja ikijigawa mara kumi tu, bilioni imerudi. Ndiyo maana daktari anaendelea na mizunguko ya kemo hata "baada ya kupona", na ndiyo maana nakasirika, samahani, mtu anapoacha mzunguko wa nne kwa sababu anajisikia vizuri.

7. Dawa ilifanya kazi vizuri mwanzoni, sasa imegoma. Ilikuwa feki?

Dawa feki zipo, lakini kwa kawaida sababu ni nyingine. Wenye umri wangu tunakumbuka klorokwini. Iliponya malaria miaka na miaka, kisha vimelea vikaizoea, na mwaka 2001 Tanzania ikaiweka kando. Vile vimelea vichache vilivyokuwa na mbinu ya kuikwepa ndivyo vilivyobaki kuzaa, na watoto wao wote wakawa na mbinu hiyo.

Ndani ya uvimbe mmoja mambo ni hayohayo. Zile seli bilioni si mapacha. Kila zikijigawa zinaongeza makosa mapya, kwa hiyo kabla hata dripu haijafunguliwa huenda kuna chache ambazo tayari zina namna ya kuitapika dawa nje, au kupita njia nyingine. Dawa inawafyeka dhaifu na kuwaachia uwanja hao wachache.

Jibu la malaria likawa dawa mseto. Jibu la kifua kikuu, muulize yeyote aliyelazwa Kibong'oto, ni dawa nne kwa pamoja mwanzoni mwa matibabu, maana kimelea kimoja kukwepa zote nne kwa mpigo ni bahati ngumu. Madaktari wa saratani walichukua busara hiyohiyo, ndiyo maana karatasi ya mgonjwa ina majina matatu manne ya dawa. Tofauti ni kwamba kila dawa ya kansa inaumiza na mwili wenyewe, kwa hiyo huwezi kuzirundika upendavyo. Rudi swali la 4.

8. Kinga ya mwili inafanya nini muda wote huo?

Inafanya kazi, na huenda imeshakuokoa bila wewe kujua. Lakini askari wa mwili wamefundishwa wasiwapige raia, na kansa ni raia mwenye kitambulisho halali. Zaidi ya hapo, seli za ulinzi zina breki ili zisishambulie mwili wenyewe, na baadhi ya saratani zimejifunza kuikanyaga breki hiyo. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kazi iliyoonyesha jinsi ya kuiachilia. Dawa zilizotokana na ugunduzi huo zimewapa miaka ya uhai wagonjwa waliokuwa wameshaagwa, hasa wa melanoma, aina ya saratani ya ngozi. Kwa wengine hazifanyi lolote. Na bei yake ukiambiwa unakaa chini.

9. Kwa hiyo hakuna inayopona?

Zipo, na watu hawaambiwi vya kutosha. Saratani ya korodani hupona kwa wengi hata ikiwa imeshafika mapafuni, shukrani kwa dawa ya cisplatin. Saratani ya damu inayowapata zaidi watoto huponywa kwa watoto karibu 9 kati ya 10 katika nchi tajiri. Uvimbe wa taya ambao Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa Kampala, aliueleza mwaka 1958 unakua haraka kupita kiasi, na kwa sababu hiyohiyo dawa zinaukuta mlangoni. Unaweza kuyeyuka kwa siku chache.

Kuna pia saratani ya damu iitwayo CML, inayosukumwa na kosa moja kubwa. Tangu 2001 kuna kidonge, imatinib, kinachozima kosa hilo, na mtu anameza kama wa presha na kuendelea na maisha yake. Kosa moja, ufunguo mmoja. Kongosho kwa upande wake huwa na makosa mengi, hujificha nyuma ya tumbo, na hupiga hodi imeshasambaa.

## Maneno ya mtaani

10. Wazungu wana dawa, wameificha wapate hela.

Nimelisikia kwenye daladala ya Kiborloni, kwenye msiba, hata kwa mwalimu mwenzangu. Jibu langu ni fupi: Steve Jobs alikuwa na hela zote hizo na alikufa mwaka 2011 kwa uvimbe wa kongosho. Na hao wenye makampuni wanazika wake zao na watoto wao kama sisi. Kinachofichwa kweli si dawa, ni unafuu wa bei, na hapo ugomvi wenu nami ni mmoja.

11. Majani ya mstafeli, magadi na ndimu, kuacha sukari? Na kikombe cha Loliondo?

Sina dharau na mitishamba. Vincristine, dawa ya kemo inayotumika kutibu watoto, ilitoka kwenye ua la rangi ya waridi lenye petali tano, asili yake Madagaska, ambalo watu hulipanda mbele ya nyumba kama pambo. Lakini kutoka kwenye ua hadi kwenye dripu kuna kazi ya kutenga kitu kimoja, kukipima na kujua kiasi kinachoponya na kiasi kinachoua. Ukitafuna lile ua hupati dawa, unapata sumu.

Dondoo la stafeli limeua seli za kansa kwenye vyombo vya maabara, ni kweli. Hata jiki inaziua. Na kuna kemikali ndani ya mstafeli, annonacin, ambayo huko Guadeloupe imehusishwa na ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa kwa watu waliotumia sana. Magadi hayabadilishi damu yako, figo na mapafu haviruhusu. Sukari nayo: seli za kansa zinapenda glukosi, ndiyo, lakini ukiacha kula mwili utaitengeneza wenyewe, na atakayekonda ni mgonjwa. Mpe chakula.

Loliondo wengi wetu tulikwenda au tulimpeleka mtu. Mwaka 2011, Samunge, shilingi 500 kikombe, foleni ya magari haielezeki. Mchungaji Mwasapile, aliyekuwa akitoa kikombe hicho, ameshatangulia mbele ya haki tangu 2021 na sitamsema vibaya. Nasema tu nilichokiona kwa macho: waliorudi wakaacha dawa zao.

12. Kukatwa kinyama si ndiko kunakoichokoza isambae?

Hapana. Kinyama huchukuliwa ili ijulikane ni ipi kati ya zile mia (swali la 3), na bila hicho daktari anatibu gizani. Hatari ya kipimo chenyewe kueneza ugonjwa ni ndogo sana ukilinganisha na hatari ya kukisia. Maneno haya yanatokana na mpangilio wa matukio: mtu anakuja amechelewa, anakatwa kinyama, anafariki miezi miwili baadaye, lawama inakwenda kwa sindano.

## Hapa kwetu

13. Kwa nini huku kwetu wengi hawaponi hata zile zinazoponyeka?

Kuchelewa. Dada yangu alianza kwa kuacha nyama, akasema ni meno. Akaacha makande. Baadaye ndizi zikawa zinakwama, anapiga kifua na kunywa maji. Kwa miezi sita alipewa dawa za vidonda vya tumbo, dukani na kwenye zahanati moja nisiyoitaja, na hakuna aliyemuuliza kitu kimoja tu: unameza nini sasa hivi? Siku alipomezeshwa mpira wa kamera, hata mtori ulikuwa unapita kwa shida. Umio, ile njia ya chakula kutoka koo hadi tumboni, ulikuwa umebaki tundu la mrija.

Mengine ni umbali na fedha. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Kilimanjaro au Arusha aliyehitaji mionzi alipanda basi hadi hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, na mionzi ni siku tano kwa wiki, wiki kadhaa mfululizo. Utalala wapi? Kituo cha saratani cha KCMC kilichofunguliwa mwishoni mwa 2016 kiliwaondolea wengi safari ya kufuata kemo.

14. Ni kweli chai ya moto inaleta kansa ya koo?

Kilimanjaro iko kwenye ukanda wa Afrika Mashariki wenye saratani ya umio nyingi kuliko kawaida, na watafiti wameuliza swali hilihili hapahapa. Walipopima, waliwakuta watu wakianza kunywa chai ikiwa na joto la nyuzi karibu 70. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilisema mwaka 2016 kwamba vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 huenda vinachangia. "Huenda", si "hakika", na kuna pombe, sigara na mengine pembeni.

Nilijaribu nyumbani kwa kipimajoto cha maabara. Chai ya maziwa kutoka chupani ilisoma 76. Nikaimimina kwenye kikombe cha bati, nikasubiri tupige soga kidogo, ikashuka 60. Mke wangu aliionja akasema imepoa, hainyweki.

15. Chanjo ya wasichana ina uhusiano gani na kansa?

Ya moja kwa moja. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi huanza na kirusi cha HPV, na aina mbili tu, 16 na 18, ndizo chanzo cha takriban asilimia 70. Kilimanjaro ndiko chanjo ilikojaribiwa mwaka 2014, nchi nzima ikafuata 2018, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Haifungi kizazi.

Mama mwenyewe akapime. Wanapaka siki, sehemu yenye tatizo inageuka nyeupe, na mara nyingi inatibiwa siku hiyohiyo. Ugonjwa huu huchukua miaka mingi kukomaa, na hapo katikati ndipo ilipo nafasi.

16. Hospitali imesema hakuna tiba. Tumpeleke nyumbani akafie?

Mpeleke na mofini ya maji. Kuna tiba shufaa, ya kumtuliza mgonjwa, na hospitali kama Selian, Arusha, zimeifanya kwa miaka mingi. Maumivu yanatibika hata kansa isipotibika. Mofini ikitolewa kwa kipimo haimfanyi mgonjwa kuwa teja. Dada yangu alilala usingizi wa kweli usiku wa kwanza alipoipata.

## Maswali ya pembeni

17. Tembo ana mwili mkubwa. Si angekuwa na kansa nyingi kuliko sisi?

Aliyeuliza alikuwa mtoto wa kidato cha pili, tukiwa safarini mbuga ya Tarangire, na sikuwa na jibu siku hiyo. Kwa hesabu ya swali la 1, seli nyingi zingeleta makosa mengi. Lakini tembo hufa kwa kansa mara chache kuliko binadamu. Mwaka 2015 ilionekana kwamba ana nakala zipatazo 20 za ile breki ya TP53. Sisi tumepewa moja kutoka kwa baba na moja kwa mama.

18. Sisi weusi tunapata kansa ya ngozi?

Ndugu zetu wenye ualbino wanapata sana, na mapema. Hapa Moshi hutengenezwa mafuta yao ya kujikinga na jua, Kilisun. Kofia pana na mikono mirefu vianze utotoni.

Kwa sisi wengine ni nadra, ila iko ile inayojificha kwenye unyayo, kiganja au chini ya kucha. Bob Marley, huyo aliyebandikwa kwenye nusu ya bodaboda za Arusha, alikuwa nayo kwenye kidole cha mguu, ikadhaniwa ni jeraha la mpira. Alikufa mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Doa jeusi chini ya kucha lisilosogea kucha inapokua, lionyeshe.

19. Kansa inaambukiza?

Kwa binadamu, hapana. Mlishe, mwogeshe, lala naye kitanda kimoja. Virusi kama HPV na homa ya ini B vinaambukiza, kansa yenyewe haiambukizi.

Kwa mbwa iko moja inayoambukiza, kwa kujamiiana. Wale mbwa wa mtaani wenye uvimbe unaovuja damu sehemu za siri, mara nyingi ndiyo hiyo. Seli zinatoka kwa mbwa huyu kwenda kwa yule, na ukizisoma DNA si za mbwa yeyote kati yao. Ni za mbwa mmoja aliyekufa maelfu ya miaka iliyopita, na kansa yake bado inatembea dunia nzima. Ungedhani hiyo ndiyo isiyoponyeka kuliko zote. Daktari wa mifugo huitibu kwa vincristine, ile ya ua la rangi ya waridi kwenye swali la 11, sindano chache za kila wiki, na mbwa wengi wanapona.